Jilaze, Mdogo Wangu, Paka Keshatangulia

Karibu barazani, mdogo wangu. Vua viatu, mkeka huo, mto huo. Paka wangu Kitumbua usimsogeze. Kalala hapo tangu nilipomaliza kufagia, na hanyanyuki mpaka muuza samaki apite. Wewe kunja miguu tu, tutaenea.

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wenu mnaniuliza kwa kunong'ona, kama watu wanaotubu. "Dada, siku yangu ya mapumziko sitaki kwenda popote. Nataka nikae nyumbani na paka wangu, nilale, niamke, nile, nilale tena. Nimekuwa mvivu?" Mwingine ana mbwa. Mbwa akijinyoosha mlangoni, naye anajinyoosha kwenye kochi, Jumapili inakwisha hivyo hivyo, na giza likiingia anaanza kujichukia. Hilo la kujichukia ndilo linaloniuma. Mtu kafanya kazi siku sita, ya saba kalala pembeni ya kiumbe anayempenda, halafu ajichukie? Kwa kosa gani, mwaya?

Najua linakotoka. Sisi tumekua kwa sauti ya ufagio. Alfajiri ukiusikia ufagio wa chelewa wa mama uani, chwa, chwa, chwa, ulijua ukiendelea kujigubika shuka utaitwa kwa majina yako yote matatu. Mtoto wa kike jua limkute kitandani! Malezi yale yalikuwa mema, yametufanya watu, na simlaumu mama yangu hata chembe. Lakini ufagio ule wengi wetu tumehama nao. Uko kichwani, unafagia hata siku ambayo ua ni msafi. Ndiyo maana ukijilaza mchana unafunga mlango jirani asikuone. Simu ikilia unakohoa kwanza usafishe sauti, useme, "Wala sikuwa nimelala." Unaficha nini? Usingizi umeuiba?

Wazee waliposema mchumia juani hulia kivulini walitaja vitu viwili, jua na kivuli. Wewe umeshika jua peke yake.

Hapa kwetu Tanga wageni hutusema kwa mwendo wetu wa taratibu, na mimi sijawahi kuona haya. Katiza Ngamiani saa nane mchana, kwenye zile barabara zetu za namba, uone jua lilivyokaa utosini. Baiskeli zimeegemezwa ukutani, mwenye duka kajinyoosha nyuma ya kaunta, paka kajikunja juu ya gunia la mchele. Baba zetu usingizi huo waliuita kailula, wakaulala kwa nia kabisa, kwa kuwa waliupokea kama mwendo mwema katika dini. Ikiadhiniwa alasiri utawakuta wameshatawadha, uso mkunjufu, wanarudi kwenye cherehani zao na mizani zao. Hakuna aliyethubutu kuwaita wavivu.

Sasa mwangalie huyu hapa. Paka mzima hulala muda wa saa 12 mpaka 16 kwa siku, na mdogo au mzee huzidi hapo. Si kwamba kashindwa maisha. Paka ni mwindaji, na kazi yake iko alfajiri na magharibi, wakati panya wanapotoka. Mchana anaweka akiba ya nguvu. Na hata ukimwona kazama usingizini, tazama sikio. Jirani akiangusha sufuria, sikio la kushoto linageuka peke yake kuelekea uani, linasikiliza, linarudi, mwenyewe hata jicho hajafumbua. Akinipandia mapajani hunikanda kwa mikono ya mbele, mmoja baada ya mwingine, kama mpishi anayekanda unga wa maandazi. Alikuwa akilikanda hivyo ziwa la mama yake maziwa yatoke, na ukubwani hufanya vile vile akiona raha.

Wazee walisema paka hakubali kulala chali, na kweli, paka wa jalalani hutamwona hivyo hata mara moja. Tumbo ndipo pake pa kufa. Lakini Kitumbua hulala chali hapa barazani, mikono hewani, tumbo jeupe lote nje. Siku ya kwanza alipofanya hivyo nilinyamaza nikamtazama, machozi yakanilengalenga. Nilimwokota mvua za masika, katoto kamelowa, kanalala kwa kukaa, jicho moja wazi. Ilimchukua miezi minne kuiamini nyumba hii. Huwezi kumwamuru mnyama akuamini, wala huwezi kumnunulia. Humzoea mtu aliye nyumbani, anayekaa, asiyepiga kelele, ambaye leo yupo na kesho yupo. Kwa hiyo Jumapili zile unazodhani umezipoteza kwenye mkeka, mdogo wangu, ndizo zinazomfanya paka wako alale chali.

Na si mapenzi ya jana haya. Huko kisiwani Kupro watafiti walifukua kaburi la takriban miaka 9,500, mtu kazikwa na paka pembeni yake. Binadamu walipoanza kuweka nafaka ghalani panya wakaja, panya walipokuja paka wakafuata, na tangu hapo tunaishi nyumba moja.

Ila sasa nikugombeze kidogo, maana najua unavyojilaza wewe. Mwili uko mkekani, kidole gumba kiko kazini. Unafungua simu uone ujumbe mmoja tu, saa mbili baadaye bado umo, umeshapita harusini kwa watu usiowajua, umeona nyumba ya aliyesoma nawe, umeona gari la mdogo wake, moyo umeshakwenda mbio. Halafu unaniambia, "Dada, nimelala kutwa na bado nimechoka." Hukulala, mpenzi wangu. Umezunguka mji mzima ukiwa umelala ubavu. Simu iweke chumba kingine. Nakuomba hili kama ninavyomwomba mtoto aache kula udongo. Dakika za kwanza mkono utawasha, utautafuta mfukoni. Mwekee paka mkono huo mgongoni, usikie anavyonguruma. Utashangaa usingizi utakavyokuja.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu barazani hapa. Kabla ya Kitumbua nilikuwa na paka aliyeitwa Karafuu. Mwaka huo nilikuwa sipumziki. Nilikuwa na ajira, na jioni nina biashara ya kushona, na Jumapili nina vikao vya shughuli za watu. Nyumbani nilikuwa nafika kulala. Siku moja nikamwona Karafuu kajikunja chini ya meza. Kesho yake yuko pale pale. Nikamwambia, wallahi nakumbuka maneno yangu, "Una raha wewe, huna madeni." Nikachukua pochi nikatoka. Siku ya tatu dada wa jirani akaniambia muuza samaki alipita jana na juzi, Karafuu hakutoka.

Nilishtuka. Nikamshika, wa moto. Na mimi kwa haraka zangu, badala ya kumbeba kwenda kwa daktari wa mifugo, nikachukua kidonge cha parasetamoli, nikakivunja nusu, nikamnywesha kwa maji. Kwangu kilikuwa dawa, kwa mtoto wa jirani kilikuwa dawa, nikadhani na kwake ni dawa. Jioni uso ukamvimba. Ufizi wake, uliokuwa wa waridi, ukageuka rangi ya kahawia. Akawa anahema kwa mdomo wazi. Alfajiri hakuwepo tena. Daktari aliniambia baadaye kwamba mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo. Damu yake inashindwa kubeba hewa, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Nimemzika mwenyewe chini ya mwarobaini.

Sikusimulii haya ili ulie. Nakusimulia kwa sababu wengi mnadhani mtu anayekaa nyumbani taratibu ndiye mzembe, na anayekimbia ndiye mwangalifu. Mimi Karafuu alinifia nikiwa nakimbia. Laiti ningekuwa nakaa naye barazani Jumapili moja tu, ningejua usingizi ule si wake. Kila paka ana usingizi wake. Kitumbua halali chini ya meza, hulala penye upepo. Siku akihama mahali, nitauliza kulikoni.

Basi shika neno hili: muuza samaki. Paka anayepumzika, hata kama kalala tangu asubuhi, akisikia honi ya baiskeli ile husimama, hujinyoosha, mgongo juu, mkia juu, anakwenda mlangoni. Asiposimama, mgonjwa huyo, usimwite mvivu. Asipokula siku mbili usisubiri ya tatu, maana ini la paka huharibika upesi kwa njaa, hasa aliyenenepa. Na dawa ya binadamu usimpe, hata robo, hata tone, hata kama shangazi yako anasema alimpa wake akapona.

Kwenye chakula nitapita haraka, haya mengi mnayajua. Ugali mtupu haumtoshi paka. Yeye mla nyama, mtilie dagaa, kichwa cha samaki, utumbo wa kuku uliochemshwa. Mchuzi wenye vitunguu usimwagie yeye wala mbwa, vitunguu huharibu damu yao. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa, ingawa sote tumelelewa tukiamini paka na maziwa ni damdam. Maji safi kila siku. Na mfunge kizazi, mdogo wangu, usione haya kulisikia. Paka jike hushika mimba akiwa bado mtoto, miezi minne mitano tu, na baada ya wiki tisa hivi una vipaka vitano, na baada yake vingine, mpaka unaanza kuvitupa sokoni usiku. Hapo utakuwa umeivunja amani uliyokuwa ukiitafuta.

Kuna mdogo wangu mwingine kaolewa karibuni, mama mkwe kamwambia amtoe paka ndani, eti paka atamzuia kuzaa. Usibishane na mama mkwe kwa ukali, ana mapenzi yake humo. Mwambie ukweli kwa adabu. Paka hazuii uzazi. Ila kuna vimelea viitwavyo toksoplasma ambavyo hupatikana kwenye kinyesi cha paka, na vinaweza kumdhuru mtoto tumboni mama akiambukizwa akiwa mjamzito. Kinyesi kipya hakiambukizi papo hapo, huchukua siku moja na zaidi, kwa hiyo kisafishwe kila siku, na akisafishe mumeo. Ndiyo, mumeo, miezi tisa haitamwua. Wewe osha mikono, osha mboga za bustanini vizuri, nyama iive kabisa, maana vimelea hivyo hivyo hupitia huko pia. Paka wako abaki mkekani, ila kliniki waambie kwamba unaye.

Na nyie wa mbwa msidhani nimewasahau. Kaka yangu yuko Lushoto, kule ambako Juni na Julai baridi inauma mifupa. Mbwa wake ana kazi ya kulinda usiku, basi asubuhi moto wa jiko la mawe ukizimwa huingia jikoni akajilaza karibu na jivu la uvuguvugu, pua chini ya mkia. Ukimtazama kwa muda, miguu inaanza kucheza, anabweka kwa ndani, hafu, hafu, anamfukuza mtu huko ndotoni. Mke wa kaka humruka kila akipita na chungu. Nikienda kule napenda kukaa kwenye kigoda nao wote wawili, chai ya tangawizi mkononi, hatusemi kitu.

Lakini mbwa ana masharti yake. Mchanje kichaa cha mbwa, na urudie kama daktari wa mifugo atakavyokupangia. Ugonjwa ule dalili zikishatokea kwa mtu hauna marejeo, na karibu watu wote wanaoupata huupata kwa mbwa. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo, si kesho. Na kwa sisi wa pwani, ambako majirani wengi ni Waislamu na mate ya mbwa kwao ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, mfunge mgeni akija, usimwachie amrambe mtu kanzu halafu ukasema hana neno. Raha yako isiwe karaha ya jirani.

Dini hiyo hiyo ilivyomtukuza paka nawe unajua. Maji aliyoyaonja paka, mtu hutawadhia. Sahaba mmoja mkubwa tunamjua mpaka leo kwa jina la Abu Huraira, baba wa kipaka. Na tumefundishwa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie. Kila nikiikumbuka habari hiyo namkumbuka Karafuu chini ya meza, na mimi natoka na pochi.

Nimebakiza moja, na hili nisikilize kwa masikio yote mawili. Nimekuambia paka mzima husimama muuza samaki akipita. Sasa na wewe nikuulize. Ukijilaza Jumapili, ukiamka unasikia utamu? Unatamani chai? Unacheka paka akianguka kochini? Basi lala, mdogo wangu, lala sana, huna deni. Lakini kama kitanda kimekuwa shimo, kama unalala ili siku ipite, kama hata chakula ukipendacho hakikunyanyui, marafiki wakipiga simu hupokei, na hali hiyo imeendelea wiki mbili na zaidi, huo si uvivu, na wala si mapumziko. Inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Usijitukane. Nenda hospitali useme vile vile ulivyosema hapa. Kabla ya hapo mwambie mtu mmoja, dada, rafiki, mama mdogo. Paka anaweza kukuliwaza usiku, atakulalia miguuni na joto lake ni la kweli, lakini hawezi kukushika mkono akakupeleka kwa daktari. Nilimwita Karafuu mwenye raha akiwa anakufa. Sitaki mtu akutazame wewe umelala umeugeukia ukuta akasema, "Ana raha huyu."

Wasemao wataendelea kusema. Shangazi atapita akukute umejilaza na paka kifuani saa tisa alasiri, atasema wenzako wanajenga. Mwitikie, mpe maji, mkaribishe mto. Kesho utaenda kazini kama kawaida, na umepumzika.

Haya, unasikia honi hiyo? Umeona? Keshasimama. Mgongo juu, mkia juu. Ngoja nimwendee na sahani, leo nilimwahidi changu mdogo.

Wewe Jumapili ikifika tandika mkeka wako penye upepo, simu iache chumbani, mlango uache wazi majirani waone. Ila kabla hujajilaza, mdogo wangu, nenda kajaze bakuli lake la maji.